Matairi ya Kiangazi na Mama Mkwe kwenye Buti

Ukiniona napita mtaa wa Panda nimeshusha kofia mpaka kwenye nyusi, usidhani nakimbia polisi au mume wa mtu. Nawakimbia wapiga tarumbeta. Ile fanfare ya arusi za mtaani kwetu, kila wakinikuta wananipigia wimbo wa kumwingiza bibi arusi ukumbini, hata kama nimebeba mkate tu, na watu wanatoka kwenye nyua kuangalia, na mimi natembea nimenyooka kama mtu asiyehusika, kumbe ndani nimeshakufa zamani. Aibu hiyo nimeipika mwenyewe na kuni nikakata mwenyewe. Basi ngoja niwaambie kabla hamjasimuliwa na rafiki yangu Trésor, maana Trésor akisimulia anaongeza mbuzi ambaye hakuwepo.

Mimi ni Fidèle, na ugonjwa wangu ni matairi. Wengine wana mpira, wengine wana pombe (pombe pia ninayo, lakini hiyo naimudu), mimi nikiona gari jipya linapita mjini kwetu Likasi, huku Kongo, siangalii gari, naangalia chini. Nina kagari kangu ka Kijapani, kekundu, injini inasukuma magurudumu ya nyuma, na nakaosha kuliko ninavyojiosha. Na kwa sababu ya usafi huo wa gari (siyo wangu), Papa Anaclet akaniita nyumbani kwake.

Papa Anaclet ni baba wa Mireille. Mireille ni msichana ninayetaka kumwoa, na nilikuwa nimesubiri kwa adabu zote, kwa sababu dada yake mkubwa, Solange, alikuwa hajaolewa, na kwao mdogo hamruki mkubwa. Sasa Solange amepata bwana, siku ya arusi imepangwa, na mzee akaniambia:

"Fidèle, ni weye njo utabeba Solange mu cortège. Motoka yako iko propre. Kama byote binaenda muzuri, nyuma ya mariage utatuma bantu yako ku bukwe, tutabapokea."

Mnaelewa maana yake? Nikimfikisha bibi arusi salama, wazee wangu watakwenda kuniposea Mireille. Gari likipendeza, nimepata mke. Nilitoka pale sikanyagi chini.

Mtu mwenye akili angeosha gari, akafunga riboni, akalala. Mimi nikasema, hapana, arusi kama hii inataka matairi mapya, na siyo matairi ya kuokota, matairi ya kuchagua kwa utafiti. Huo ndio uamuzi mdogo uliozaa makubwa yote.

Ilikuwa kiangazi, vumbi kila mahali. Nikaazima huku na huku nikapata seti tatu za kujaribu, Trésor akawa hakimu mwenzangu. Tulipima vitu vitatu: kushika barabara, ulaini, na kama bei inalingana na kazi. Kushika tulipima kwenye kona za njia ya kwenda Mulungwishi, naingia kona kwa kasi halafu namtazama Trésor, akipiga ishara ya msalaba nampunguzia tairi alama. Ulaini tulipima kwa ndoo ya munkoyo, ile pombe tamu ya mahindi ya dada yangu, tunaiweka katikati ya miguu ya Trésor, na munkoyo ukimwagika kwenye suruali tairi limeanguka mtihani. (Dada yangu mpaka leo anaamini tuliunywa wote.)

Seti ya kwanza ilikuwa ya okazi, mitumba kutoka Ulaya, yana meno marefu, yanashika vizuri lakini yanavuma njia nzima kama mzee anayelalamika. Ya pili mapya ya bei rahisi, magumu kama mbao. Suruali ya Trésor ililowa hadi magotini. Ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Matairi ya sport! Mapana, mafupi, meusi yanameta, mfereji mmoja mmoja tu umechorwa kwa ustadi, mengine yote laini kabisa. Kwenye kona gari lilishika lami kama mtoto aliyeshika gauni la mama yake sokoni. Munkoyo haukutikisika. Bei ilikuwa ya kuumiza, nakubali, lakini nikajiambia ukigawanya bei hiyo kwa furaha ya kuwa na mke inakuwa bure.

Mireille alikuja kuyaangalia, akainama, akapitisha kidole.

"Fidèle, iyi pneu aina meno."

"Chérie, pneu aikulaka nyama. Meno ya nini?"

Trésor alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikajiona mchekeshaji. Jioni ile kwenye baa niliwafundisha wote, kwa kidole juu: tairi linashika kwa sababu ya uzito, weka kilo juu ya magurudumu yanayosukuma, utapanda hata ukuta. Kumbukeni sentensi hiyo, maana Trésor aliikumbuka.

Arusi ikafika, na mvua nayo ikafika. Mvua ya kwanza ya nguvu msimu huu ilianza padri anasoma injili, ikaisha tunatoka kanisani, jua likachomoza, kila mtu akasema ni baraka. Mimi pia nikasema ni baraka, mjinga mkubwa.

Nilipangiwa maarusi wawili kiti cha nyuma, na Mireille mbele karibu na mimi. Lakini gari la akina mama likagoma kuwaka, na kabla sijageuka nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa, gari likainama upande mmoja, na ndani yupo Mama Yvonne. Mama mkwe wangu mtarajiwa, jamani! Mama wa heshima, mwenye mwili uliobarikiwa pande zote. Na nyie mnajua kwetu: mkwe hamgusi mama mkwe, hali naye sahani moja, hamtazami machoni, na akiwa na neno anapitisha kwa mtu wa tatu. Nikatazama kioo cha ndani, kimejaa uso wa Mama Yvonne. Nikakigeuza haraka kikatazama dari. Vioo vya pembeni vilikuwa vimefunikwa na riboni na maua. Kwa hiyo niliondoka pale dereva wa heshima, asiyeona chochote nyuma yake.

Mjini mambo yalikuwa matamu. Honi, vigelegele, lami imelowa kidogo, matairi yanateleza kwa kiasi tu (nilisema ni mtindo). Kisha lami ikaisha. Njia ya kwenda ukumbini Panda ni udongo mwekundu, inashuka kidogo halafu inapanda, na nilikuwa nimeipita mara nyingi kiangazi chote bila kuifikiria. Siku hiyo gari lilishuka kwa ubavu. Sikugeuza usukani, liligeuka lenyewe, likateleza taratibu kama sabuni kwenye beseni, likaenda kukaa kwenye matope chini ya mwinuko, pua inatazama juu, matako yamezama. Nikakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka, yakaimba, gari halikusogea hata kidogo. Ile mifereji mizuri ilijaa udongo, tairi likawa mkate uliopakwa siagi.

Msafara wote ukasimama nyuma yetu. Maarusi wakabebwa mpaka kwenye baraza ya nyumba ya jirani ili gauni lisiharibike. Mireille akavua viatu akatoka. Papa Anaclet akaja na suti yake ya rangi ya krimu, iliyoshonwa kwa ajili ya siku hiyo, akaweka mikono nyuma ya gari pamoja na wanaume wengine. Wakasukuma, likagoma. Mama Yvonne alikuwa bado ameketi ndani, kama mtu anayesubiri misa iishe.

Ndipo Trésor (Mungu amsamehe, mimi bado) akapaza sauti:

"Si weye njo ulisemaka pneu inashika ju ya kilo? Tutie kilo nyuma kabisa, mu kofre!"

Hakuna aliyetaja jina. Lakini watu wote, mmoja mmoja, kwa heshima kubwa, waligeuza macho upande mmoja. Mimi nikatazama usukani nikaomba radi inipige.

Mlango ukafunguliwa. Mama Yvonne akashuka kwenye matope bila hata kuinua sauti.

"Mireille, ambia uyu bwana afungule kofre."

Nikafungua buti huku nimegeuza uso pembeni. Akapanda mwenyewe, akaketi, miguu inaning'inia nje, mkono mmoja umeshika kifuniko, mwingine mkoba, anautazama msafara kama anayetazama gwaride la taifa. Nikarudi kwenye usukani. Nikakanyaga mafuta yote.

Na matairi yakashika! Kilo zilifanya kazi, sikuwa nimedanganya! Gari liliruka kutoka kwenye shimo, na udongo wote uliokuwa chini ya magurudumu ukaruka nyuma, na nyuma alikuwepo Papa Anaclet. Mimi sikuona, niliona dari. Nilisikia tu sauti ya wanaume wengi wakisema "Eeeh!" nikadhani wananishangilia.

Nilikumbuka nimewaacha maarusi barazani, nilikumbuka. Lakini kwenye matope ukisimama umezama tena, kila dereva anajua, kwa hiyo nikasema nitasimama juu pakiwa pakavu. Huko nyuma Mama Yvonne anapiga kelele:

"Simamisha! Simamisha motoka! Yesu na Maria, nitaanguka!"

Mnaweza kunilaumu, lakini nifikirieni. Kwetu mama mkwe anajibiwa kupitia mtu wa tatu, na mtu wa tatu nilikuwa nimemwacha kwenye matope na viatu mkononi. Nikakaza usukani, nikanyamaza, nikaendelea, kwa adabu.

Pakavu palikuwa mahali pamoja tu, uwanja wa ukumbi wenyewe. Fanfare ikaona gari jekundu lenye riboni linaingia, wakafanya walichoambiwa: wakapiga wimbo wa bibi arusi kwa nguvu zote. Wageni wakasimama. Akina mama wakatandaza vitenge chini. Wote wakaukodolea macho mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma hauna mtu, na kutoka kwenye buti akashuka Mama Yvonne, kilemba kimemkaa shingoni, mkoba bado mkononi. Tarumbeta zikafa moja moja. Ngoma ndiyo iliyochelewa kuelewa.

Mama akatazama vitenge. Akatazama watu. Kisha akavikanyaga, akaingia ukumbini kwa hatua za arusi, kichwa juu, na ngoma ikamfuata. Huyo ni mama, nawaambia. Mimi nilitamani kuingia kwenye buti nijifungie.

Msafara ulifika kwa miguu, hakuna dereva mwingine aliyethubutu yale matope. Solange mgongoni kwa bwana wake, anacheka mpaka machozi, na kwa hilo nitamwombea maisha yangu yote. Papa Anaclet alikuwa mwekundu kuanzia kidevu mpaka mshipi, akapita tu karibu na gari, akainama, akapitisha kidole kwenye tairi kama Mireille alivyofanya.

Baada ya chakula nikaitwa. Mama Yvonne ameketi, ananipa ubavu, Mireille katikati yetu, amejiuma mdomo asicheke.

"Mireille, ambia uyu bwana, nimesikia alipima pneu. Minye pia nilipima. Kushika: inashika, lakini mpaka kama iko na minye mu kofre, na minye siendi kazi iyo tena. Bulaini: ajaribu kuikala mule yeye mwenyewe. Bei: aulize suti ya baba yako."

Nikainamisha kichwa. Akaendelea, polepole:

"Na umuambie tutapokea bantu yake. Lakini si sasa. Bakuye kiangazi, ju pneu yake inajua kiangazi tu."

Mireille akaanza kunipitishia ujumbe neno kwa neno, sauti inamtetemeka. Nikamwambia nimesikia.

Basi ndiyo sababu mnaniona bado kapera, na mvua hii inanyesha bila huruma. Matairi nimeyavua, yamelala chini ya kitanda, gari linavaa yale ya okazi yanayovuma kama mzee, na hata hivyo kwa kina Mireille nakwenda kwa miguu. Nimeapa sitapima tena kitu cha mvua wakati wa vumbi, na sitafungua mdomo kwenye baa kuhusu kilo. Kila asubuhi naamka naangalia mbingu, na kila asubuhi kuna mawingu.