Mgongo wa Karatasi

Kwetu Kibra kazi ya mkono haitazamwi usoni. Mpe mwanamke wa Kinubi tabaga, lile kawa la rangi tunalosuka kufunikia sinia la chakula, na kitu cha kwanza atakachofanya ni kuligeuza. Juu liwe zuri namna gani, chini zikionekana ncha za nyuzi, basi msukaji ni mchafu, nyumba yake ni chafu, na mama yake ndiye aliyemfundisha huo uchafu. Hukumu hiyo haina rufaa. Nimeisikia tangu sijui kufunga kilemba.

Mdogo wangu aliyajua hayo yote. Lakini alikuwa yaya kwa memsabu mmoja upande wa Barabara ya Ngong, na huko akaambukizwa ugonjwa wa karatasi. Memsabu alitengeneza kadi kwa karatasi ngumu inayopitisha mwanga kama ganda la kitunguu. Vipande vilivyobaki, na penseli za rangi zilizokwisha hadi kuwa vishungi, alimwachia huyo dada yangu.

Jioni alinifundisha. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na talaka yangu, kwa hiyo sikukosa nafasi.

"Paka nyuma," aliniambia. "Mbele usiguse."

Mkono wangu ni mzito. Nilikandamiza penseli ikavunjika, naye akanipiga kofi kidoleni. Penseli ipite polepole, alisema, kisha ipite tena palepale mpaka rangi ikolee. Ua likolee ndani, ncha zake ziachwe nyepesi. Alizungushia njiti ya kibiriti pamba, akaichovya kwenye mafuta ya taa, akaikamua, akapapasia ile rangi mpaka mikwaruzo ikapotea. Mwisho kabisa alilaza karatasi juu ya blanketi la jeshi la baba na kukandamiza mistari kwa kitako cha sindano ya kufumia, nyuma vilevile, ili mbele pavimbe peupe. Nilipotaka kuanza na kukandamiza, kwa kuwa ndiko kunakopendeza, alininyang'anya sindano. Karatasi ikishavimba haishiki rangi sawasawa.

Ukiigeuza ikutazame usoni, lilikuwa ua la waridi linaloonekana kama nyuma ya ukungu. Mgongoni palikuwa na mifereji, rangi kali na madoa ya mafuta. Nilimwambia, "Wewe, huu mgongo utakuponza." Akacheka.

Alikuwa ameposwa. Kijana mwenyewe alikuwa dereva wa lori, na familia yake ilikuwa imehamia upande wa Kawangware, ilikofungua duka. Dada alimpenda hadi ikawa aibu. Na nyumba yenye mtalaka mmoja haihimili na posa kuvunjika. Mama alituambia hivyo kila siku, akinitazama mimi.

Siku ya wanawake wa upande wa bwana kuja kukagua kazi ya biarusi, mama alimsihi atoe tabaga tu. Dada akaweka karatasi ya waridi juu ya tabaga.

Mama wa kijana alikaa mkekani, wenzake wakamzunguka. Alilichukua tabaga, akaligeuza, akapitisha vidole, akatikisa kichwa kukubali. Mtu akapiga kigelegele. Kisha akaichukua karatasi. Shangazi mmoja alinong'ona mashallah. Yule mama wa kijana akaigeuza.

"Hii ni nini hii?"

Akapitisha kidole kwenye mifereji.

"Usoni maua, mgongoni jaa." Alichovya kidole gumba kwenye mafuta ya simsim yaliyokuwa kando ya asida, ule ugali wetu laini tuliowaandalia, akasugua. Rangi ikahamia kwenye kidole, nyekundu. Akawaonyesha wenzake. "Ona. Hata haishiki."

Dada alipiga magoti, akaiomba karatasi kwa mikono miwili, akaiinua kuelekea mlangoni ili mwanga upite. "Inatazamwa hivi, mama."

Ua likawaka kweli. Hata lile doa la gumba lilionekana kama kivuli cha jani.

"Kwa hiyo mimi nitakaa nikikushika mlangoni," yule mama alisema, "ndiyo uwe mzuri?"

Walicheka. Hilo ningelisamehe, kwa kuwa walikuja wakiwa na vicheko vyao tayari. Lakini mama yetu naye alicheka, akijipendekeza kwa wageni, huku mtoto wake akiwa bado amepiga magoti na mikono juu. Nilifungua mdomo, mama akanifinya paja mpaka nikaufunga. Nina chuki na kicheko kile mpaka leo, na mama yangu nilimzika nikiwa nayo.

Posa haikuvunjika. Ingevunjika ningemshukuru Mungu. Yule mama wa kijana aliondoka na karatasi, na arusi ilipopita nikaenda Kawangware kumtembelea dada, niliikuta sebuleni. Ilikuwa imebandikwa ukutani kwa uji wa unga, uso kwenye udongo, mgongo nje. Kila mgeni alionyeshwa. "Kazi ya mke wa mwanangu. Sisi hatufichi kitu." Dada alipita chini yake na sinia la chai, na mume wake alikunywa chai akitazama mlango.

Miaka yote aliyokaa mle sikumwona tena akishika penseli.

Mama mkwe wake alipofariki, tulipomaliza matanga nilichukua kisu nikaibandue ile takataka. Dada alinishika mkono.

"Iache."

"Umeipenda lini?"

"Mwanangu anaoa," alisema. "Msichana wake anakuja na jamaa zake Ijumaa. Nataka akae pale, aione."

Nilifikiri anataka kumsimulia yaliyompata, na nilifurahi, maana nilidhani hatimaye jambo lile litasemwa kwa sauti. Ijumaa nilifika mapema. Msichana alikuwa mwembamba, na alileta kitambaa cha meza alichokitarizi mwenyewe, ndege na majani, kazi ya macho hasa. Alikaa chini ya karatasi. Alikitandaza kitambaa mapajani mwa dada, akangoja.

Dada hakuwatazama wale ndege. Alikishika kitambaa kwa ncha mbili, akakigeuza.