Maji ya Chupa ya Bwana

Juzi pale Mikese nilimwona dereva wa lori akiongeza maji ya mvua kwenye betri, kimya, bila mbwembwe. Nikacheka peke yangu mpaka binti muuza mihogo akaniuliza, "Shikamoo bibi, unacheka nini?" Nilikuwa namkumbuka yule Mjerumani mpumbavu wa utotoni mwangu.

Alikuwa na shamba la mkonge chini ya milima ya Uluguru, na motokaa iliyoletwa kwa garimoshi. Baba yangu ndiye aliyeitunza. Betri ikipungua maji, baba aliongeza ya mvua aliyokinga mwenyewe, kama fundi aliyeileta alivyomfundisha. Bwana akaona kinyaa. Ati maji ya washenzi kwenye mashine ya Ulaya! Akaamuru yatiwe maji yake ya chupa, yale ya mapovu aliyoshushia nyama ya nguruwe. Jamani, ujinga gani ule!

Hazikupita wiki nyingi, motokaa ikagoma kabisa. Bwana akasema baba kaiharibu makusudi: kesho yake hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano mbele ya wafanyakazi wote. Mama hakugusa chakula. Mimi nililia mpaka nikatapika.

Bibi mzaa mama hakulia. Yeye kazi yake ilikuwa kupika chumvi ya majani: huchoma majani, huchuja majivu kwa maji, huchemsha maji hayo mpaka chunguni libaki ganda jeupe. Asubuhi akaenda kwa Bwana na vyungu viwili, mimi nyuma na kuni. Kimoja akatia maji ya mvua, kingine ya chupa, akachemsha pale pale uani. Cha mvua kilikauka kikawa kitupu. Cha chupa kikabaki na ganda.

"Betri umeilisha chumvi, Bwana," bibi alisema. "Mkwe wangu hana kosa."

Bwana alilikwangua lile ganda kwa ukucha, akaonja. Akawa mwekundu mpaka masikioni. Kisha akaamuru viboko vipigwe vile vile, kwa kuwa baba kamletea kikongwe wa kumfundisha. Mwanamume mzima, na ndevu zake! Baba alikula amesimama siku nyingi.

Bwana alikwenda zake vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipokuja, shamba likawa pori. Bibi aliokota jalalani kopo la kioo lililokuwa likishika maji ya ile betri, akaliosha siku tatu, akatilia chumvi yake. Siku hizi chumvi ya majani hakuna anayeipika; kopo ninalo, tupu. Baba hakulalamika hata siku moja. Ila kila alipochota chumvi mle, alisema neno moja tu.

"Alionja."