Kifua Kilichokatwa Herufi

Shemeji yangu huitwa Mstari na kila mtu, hata na watoto wake wakiwa wamemkasirikia. Ni mchora mabango. Jina lilimpata kwa sababu anaweza kupiga mstari wa rangi kutoka mlango wa duka mpaka kwenye kona bila rula wala kamba, na ukija na kamba yako kumkagua huoni pa kumkosoa. Analijua hilo, na kichwa kimemvimba kidogo. Mimi ni mdogo wa mke wake. Nauza ndoo na mabeseni mlango wa pili kutoka karakana yake, kwa hiyo nimemwona akiringa kwa miaka mingi na nina haki ya kusema.

Karakana yenyewe ni chumba kilicho chini ya ngazi za jengo la ghorofa wanamoishi. Mtu akipanda kwa kishindo, vumbi linaanguka juu ya rangi mbichi, na Mstari anamtukana kwa adabu. Ukutani ametundika violezo vyake, yale mabamba yaliyokatwa herufi ambayo huyaweka ukutani na kupitisha rangi juu yake, maneno yakabaki. Wenzake hukata violezo vyao kwenye karatasi ngumu. Yeye huikataa. Anasema karatasi hulowa rangi, hulegea, na herufi ya tano inatoka na tumbo. Anachotumia ni picha za zamani za eksirei. Hazilowi, hazipasuki, wembe unapita vizuri, na ukizifuta kwa mafuta ya taa zinakuwa kama mpya.

Basi watu humletea. Goti la bibi wa fulani, mkono wa kijana aliyeanguka na baiskeli, meno ya mwalimu mstaafu. Nusu ya mifupa ya mtaa wetu imetundikwa kwenye misumari ya karakana ile, na ukiona ukuta umeandikwa MBWA MKALI, jua kwamba rangi imepita katikati ya nyonga ya jirani yako.

Hakuna aliyeona ubaya wowote, mpaka siku Mstari alipoanguka kutoka kwenye ngazi yake ya mbao.

Hakuanguka kutoka juu sana, lakini aliangukia ubavu, na kila akivuta pumzi alikunja uso. Dada yangu alimburuta hospitali, nami nikafunga duka nikawafuata, maana namjua shemeji yangu: bila watu wawili wa kumlinda angetokea mlango wa nyuma. Alipigwa picha ya kifua, tukangoja, tukaitwa. Daktari alikuwa mwanamke kijana, umri wa binti yao wa kwanza, mwenye sauti ya chini na subira ambayo mimi sikujaliwa.

"Mbavu zako ni nzima, baba," alisema. "Hakuna iliyovunjika. Yatakuwa maumivu ya misuli tu."

Mstari akaanza kufunga vifungo vya shati.

"Ila kuna kitu kingine nakiona," daktari akaendelea. "Huku juu, pafu la kulia. Kivuli kidogo. Kinaweza kuwa kovu la ugonjwa wa zamani, kinaweza kuwa kitu kingine. Picha hii peke yake haiwezi kuniambia. Ulishawahi kupigwa picha ya kifua?"

"Sijawahi," alisema Mstari, akiwa kwenye kifungo cha mwisho.

"Alishapigwa," alisema dada yangu. "Mwaka ule alipougua nimonia."

Ilikuwa miaka mitatu nyuma. Tulikuwa tumeanza kunong'onezana kuhusu mazishi, sitaki kukumbuka. Alipopata nafuu aliambiwa arudi baada ya wiki sita apigwe picha nyingine, waone kama pafu limesafika. Alikuwa amevuta sigara kwa miaka mingi kabla ya kuacha, na mtu kama huyo, walimweleza, haachiwi hivihivi eti kwa sababu kikohozi kimekwisha. Wiki sita zikafika, Mstari yuko juu ya ngazi anapiga miluzi. Dada akimkumbusha anajitia hamnazo. "Mtu mzima anakwenda hospitali kutafuta nini?" ndilo lilikuwa jibu lake, na alilitoa kwa kujiamini kabisa.

Daktari alifurahi kusikia kuna picha ya zamani. "Hiyo ndiyo ninayoitaka," alisema. "Tukiziweka pamoja, kama kivuli kilikuwapo tangu wakati ule na hakijakua, hofu inapungua sana. Kama hakikuwapo, basi ni kipya, na kipya lazima tukifuatilie upesi. Nileteeni kesho."

Njiani Mstari alikuwa anatembea mbele, akimpigia simu mteja kumwambia kwamba mbavu ni nzima. Dada alimfuata nyuma.

Nyumbani akaanza kuitafuta ile picha. Alitoa nguo zote kabatini, akainua godoro, akashusha masanduku. Mumewe alikaa kwenye kiti akimtazama, na nilipoona jinsi anavyomtazama nikajua kuna jambo.

"Shemeji," nikamwambia, "sema."

"Iko karakana," akasema.

Tulishuka wote watatu. Akawasha taa, akanyoosha mkono kwenye msumari wa juu kabisa, akashusha bamba lililojaa rangi nyekundu iliyokauka. Akaliinua mbele ya taa. Mbavu zilionekana, moyo ulionekana, na katikati ya hayo yote kulikuwa na matundu ya herufi, mstari wa kwanza kifuani juu, wa pili chini yake: USIKOJOE HAPA.

Nilicheka. Nasema kweli, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Dada yangu hakucheka hata kidogo, na nilipouona uso wake nami nikanyamaza.

"Umekata kifua chako," alisema.

"Ilikuwa plastiki nzuri," alisema Mstari. "Kubwa, haina hata mkunjo. Na nilikuwa nimeshapona."

"Na karatasi ya majibu?"

Akatazama sakafuni. Karatasi ya majibu alikuwa amefutia brashi.

Asubuhi dada alikwenda hospitali ile ya kwanza, alikotibiwa nimonia, kuuliza kama walibaki na nakala. Walimwambia kompyuta ya wakati ule iliharibika na vyote vilivyokuwa ndani yake vikaenda na maji, na picha yenyewe alipewa mgonjwa aitunze. Akarudi, akakifuta kile kiolezo kwa kitambaa na mafuta ya taa, taratibu, mpaka wekundu ukatoka, akakifunga kwenye gazeti. Tukaenda nacho kwa daktari kama kilivyo.

Daktari alikiweka kwenye ubao wa taa. Mwanga ukapita kwenye herufi ukatuangaza usoni. Akasoma. Akauma mdomo, akageuka upande, mabega yakimtikisika, kisha akasema, "Nisamehe, baba."

"Cheka tu, daktari," alisema Mstari. "Shemeji yangu alishacheka."

Lakini alipoanza kuangalia kwa makini hakucheka tena. Alitueleza kwamba picha ya kifua hutazamwa kana kwamba mgonjwa amesimama mbele yako, kwa hiyo pafu lake la kulia liko upande wako wa kushoto. Akapitisha kidole juu ya U, akafika kwenye S, kidole kikatokea upande wa pili.

"Ninachokitafuta kingekuwa hapa," alisema.

Mstari aliinuka akasogea karibu. Naye akatia kidole kwenye tundu la S. Nimemjua mtu huyu tangu anamposa dada yangu, nimemwona akining'inia ghorofa ya tatu kwa kamba akitania wapita njia, lakini siku ile niliona hofu machoni pake kwa mara ya kwanza.

"Nilikifagia mwenyewe," alisema. "Kile kipande. Nilifagia nikatupa."

Daktari akamwambia hakuna haja ya kujilaumu sasa, kuna njia nyingine. Atapimwa makohozi ili tujue kama si kifua kikuu, na atapigwa picha ya CT, ambayo inakipita kifua vipande vipande badala ya kukibana chote kwenye bamba moja, mbavu na mishipa juu ya pafu. Kivuli kwenye eksirei, alisema, wakati mwingine huwa si chochote, mfupa tu umepita mbele ya mshipa. Wakati mwingine ni kovu. Wakati mwingine ni uvimbe, na uvimbe nao una aina zake, si kila uvimbe ni saratani.

Sasa hofu ya mtu mzima ni kitu cha ajabu. Ungedhani itamsukuma mbele. Ya Mstari ilimrudisha nyuma.

"Ulisema kinaweza kuwa kovu," alisema. "Basi ni kovu. Sikohoi damu. Sijakonda. Nguo zangu ni zilezile. Nikianza kuumwa nitakuja."

"Umezitaja vizuri dalili zenyewe," daktari alimjibu bila kupandisha sauti. "Ukitoa damu kwenye makohozi, pumzi zikikubana, ukikonda bila sababu, homa na jasho la usiku, au kikohozi kikikataa kuisha, usingoje tarehe yoyote, njoo siku hiyohiyo. Lakini kitu kidogo hakiumi, baba. Ukingoja kiume, utaniletea kikubwa."

Mstari akakunja mikono kifuani. Alikuwa amefikia pale ambapo haambiliki wala hasemezeki. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe ya kwangu, daktari akaniwahi.

"Kazi yako ni kuta. Ukikuta doa la unyevu kwenye ukuta, unajuaje kama ni la zamani limekauka, au bado linatembea?"

"Kwa kuliona tu huwezi kujua," alisema Mstari, kwa ile sauti yake ya kufundisha wajinga. "Unalizungushia penseli pembezoni. Unaondoka. Unarudi baada ya muda unatazama kama limeuvuka mstari."

"Na mwenye nyumba akikuambia paka rangi tu, litakuwa la zamani?"

Mstari alitazama lile bamba lenye matundu. Kisha akauliza hiyo CT inapigwa saa ngapi.

Makohozi yalikuwa safi. CT ilionyesha kinundu kimoja, ukubwa wa punje ya njegere, kingo zake laini. Daktari alisema hakina sura mbaya, lakini hawezi kula kiapo. Kikipimwa tena baada ya miezi mitatu, kitasema chenyewe. Mimi nilitaka ndiyo au hapana. Nilimuuliza, kwa ukali nakiri, kwa nini wasikichome sindano leo tukajua moja.

"Kwa udogo wake, sindano inaweza kulitoboa pafu na bado tukakosa jibu," alisema. "Hatujamtelekeza, dada. Huku kungoja nako ni kutibu, mradi arudi."

Mradi arudi. Lilinikaa kichwani neno hilo.

Miezi ile Mstari aliishi kama kawaida. Alipiga miluzi. Alianza kuvaa barakoa akipuliza rangi, jambo nililompigia kelele bure kwa miaka, na aliwasimulia wateja habari za kifua chake kilichokataza watu kukojoa, kila mara akiitia chumvi zaidi. Nilimuuliza dada kama usiku mumewe analala. Akasema analala vizuri, anakoroma kama zamani. Nikampa heko moyoni, nikasema kumbe jamaa ana roho ngumu.

Tarehe ilipokaribia akapata kazi kubwa, ukuta mzima wa ghala. Akaanza: picha inaweza kungoja wiki mbili, ghala haliwezi. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, na sijutii hata moja. Dada yangu yeye alipiga pasi shati la mumewe, akalitundika mlangoni, akavaa viatu, akakaa kitandani kungoja. Mstari akamtazama, akalichukua shati.

Daktari aliziweka picha mbili kwenye kioo cha kompyuta, ya kwanza na ya sasa. Akapima, akarudia kupima.

"Hakijaongezeka," alisema. "Hata kidogo. Hii ni habari njema. Tutaangalia tena baada ya miezi kadhaa, na tena, mpaka itimie miaka miwili. Kikitulia mpaka hapo, tutaachana nacho."

Mstari akaruka kutoka kwenye kiti. "Si niliwaambia!" alisema. "Kovu! Mmenihangaisha bure, na ghala la watu linaningoja." Akamshukuru daktari, tukaagana, akawa ameshashika kitasa cha mlango.

Dada yangu alibaki amekaa. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hayakuwa ya furaha, alikuwa na hasira kuliko nilivyowahi kumwona.

"Bure?" alisema. "Miezi mitatu silali. Kila usiku naweka mkono mgongoni kwako nisikie unavyopumua, mpaka kunakucha."

Mstari alisimama na kitasa mkononi. "Sasa kwa nini hukuniamsha?"

"Ulikuwa umelala," alisema dada yangu. "Nikasema angalau mmoja wetu alale."

Mstari aliachia kitasa, akarudi, akavuta kiti chake mpaka kikagusa cha mkewe, akakaa. Kisha akamuuliza daktari, kwa sauti ndogo sana, tarehe ya kurudi ni lini.