Ukungu Wenye Majina Mawili

Mwaka nilioanza kazi ni ule tuliokula unga wa njano. Waliokuwapo hawahitaji kuelezwa. Ugali wake ulinuka gunia, ukipoa unakuwa mgumu kama kisigino, na watoto wa Mbinga waliozoea sembe na maharage walilia wakiona sufuria inateremshwa. Siku ya kwanza ya kazi nilikula kiporo chake kwa chai isiyo na sukari, nikafunga kitenge, nikapanda kilima kwenda kituo cha hali ya hewa. Nilikwenda kufagia.

Wajukuu wangu hunicheka. "Bibi, umeishia darasa la nne, hicho Kiingereza umekitoa wapi?" Mimi najua Kiingereza cha angani tu. Siwezi kuagiza hata chai kwa lugha ile, lakini niamshe usingizini uniulize mvua, mawingu na upepo, nitakujibu. Maneno hayo yamenilisha mpaka nikastaafu. Na mawili kati yake, yale ya ukungu, yamenitenga na watu wangu. Nitafika huko.

Mkuu wa Kituo alikuwa mzee kutoka Tanga, na baridi ya Mbinga ilimwonea. Koti halikumtoka mwilini hata saa sita mchana. Aliniona nafagia huku nikitazama juu.

"Mama, unatafuta nini huko?"

"Naangalia kama nianike."

"Na jibu?"

"Nisianike."

Alasiri ikanyesha. Kesho yake alininyang'anya ufagio, akanipa penseli.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Palikuwa na kibanda cheupe cha mbao, kimesimama kwa miguu minne, kuta zake ni vibao vilivyolazwa mshazari ili hewa ipite na jua lisiingie. Humo vilikaa vipimajoto. Pembeni kulikuwa na kipima mvua, mtungi mwembamba uliozikwa nusu, na kila asubuhi nilimimina maji yake kwenye kioo chenye mistari na kusoma. Mawingu hatukuyasema kwa "mengi" na "machache". Tuligawa anga vipande vinane, kama mama anavyogawa ugali wa sinia, tukahesabu vipande vilivyofunikwa. Vikifunikwa vyote, pasiwe na tundu hata la kupitisha sindano, hiyo ni "overcast".

Maneno hakunifundisha kwa kitabu. Alinitoa nje. Ikija mvua ile nyembamba isiyo na sauti, inayoelea kama unga wa kinuni, ananisimamisha humo. "Hiyo ni drizzle." Ikija ya ghafla, ikapiga bati, ikakatika jua likatoka, hiyo ni "shower". Ile ya kutwa nzima, ya kukaa jikoni na kuota moto, ndiyo "rain" yenyewe.

"Sema tena."

Nasema.

"Umelowa?"

"Nimelowa, Mzee."

"Basi hutasahau."

Sasa ukungu. Kwetu ukungu ni ukungu, mtu anajifunga shuka anaendelea na safari. Kiingereza kinaugawa mara mbili, na mpaka wake ni kilomita moja. Mnara wa kanisa ulikuwa umbali huo kutoka kibandani petu. Ukiuona mnara, hata kama kivuli, andika "mist". Usipouona kabisa, andika "fog".

"Kuna watu huko juu kwenye ndege, Mama," aliniambia. "Hawana macho mengine ila yako."

Baadaye nilihamishiwa ziwani, kwenye kituo kidogo kando ya Nyasa. Mkuu wa kule alikuwa Mnyasa mnene, mcheshi, na akikasirika unatamani ardhi ipasuke. Wiki yangu ya kwanza tu niliona nguzo nyeusi imesimama juu ya maji, mbali, inajipinda taratibu. Mimi ni mtu wa milimani. Kinachopanda hivyo kwetu ni moshi. Nikaandika "smoke", nikakimbia kupiga kelele kwamba kuna boti inaungua. Wanaume waliacha nyavu zao, wakasukuma mitumbwi, wakapiga kasia kama wamechanganyikiwa. Walirudi wakicheka mpaka wakakaa mchangani.

Ilikuwa nkungu. Ni vijidudu vya ziwani, vidogo kuliko mbu, vinavyopanda kutoka majini vikiwa vingi hadi vinaziba jua. Watu wa kule huvitega kwa vikapu, huvikanda na kuvianika kama mikate. Mkuu alininunulia mmoja sokoni, mweusi tii.

"Karibu Nyasa, Mama Moshi. Kula moshi wako."

Nikala. Una ladha ya dagaa na udongo. Na jina likanishika. Nikipita sokoni wanawake wananiita, "Mama Moshi, wahi, jikoni kwako kunaungua!"

Lakini jioni ile Mkuu alifunga mlango, na kicheko hakikuwapo tena.

"Wale wangekutana na upepo wa mwera huko katikati, ningewaambia nini wake zao? Uliona nini?"

"Moshi, Mkuu."

"Moshi ulidhani. Uliona nini?"

"Nguzo nyeusi."

"Basi sema nguzo nyeusi. Unachodhani kaa nacho mwenyewe."

Maneno hayo niliondoka nayo ziwani, niliporudishwa Mbinga. Mzee wa Tanga alikuwa bado yupo, na koti lake.

Mdogo wangu Kandida alikuwa ameolewa Mkumbi na Ditram, mkulima wa kahawa, mtu mwema. Masika ile alijifungua mtoto wa kike katika hospitali ya kwetu, na damu haikukata. Daktari akasema apelekwe Songea upesi. Barabara ilikuwa imekatika, mabasi yamelala Kitai hayasogei. Iliyobaki ni ndege ndogo ya wagonjwa, iliyokuwa ikitua kwenye uwanja wa nyasi chini ya kilima chetu. Rubani wake tulimjua. Alikuwa akija huleta mkate, anakaa kwenye ngazi zetu kunywa chai. Kabla hajaruka, huuliza neno letu kwa redio. Ikiwa "mist", anakuja. Ikiwa "fog", haji, maana milima ya Mbinga haimsogelei mtu polepole.

Asubuhi ile Ditram alipanda kilima mbio, matope mpaka magotini. Alinikuta nimesimama kando ya kibanda naangalia upande wa kanisa. Kulikuwa kweupe tu. Kengele ya misa ilikuwa inalia.

"Shemeji, waambie waje!"

"Ngoja, Ditram."

"Ningoje nini? Kengele si unaisikia? Mnara uko pale pale, haujahama!"

"Uko. Siuoni."

"Ni Kandida yule! Si wewe uliyembeba mgongoni?"

Mkuu wa Kituo alitoka mlangoni, redio inakoroma nyuma yake.

"Mama, rubani anasubiri. Neno ni lako. Ukiniambia mist, napeleka mist. Mimi leo sitoki kuangalia."

Sijawahi kutaka kuona kitu kama nilivyotaka kuuona mnara ule. Nilifumba macho nikafumbua. Nikadhani nimeona msalaba. Nikaangalia tena, hakuna. Nikajua kwamba nimedhani. Nikamgeukia Ditram.

"Mnara siuoni, shemeji, na sitasema nauona."

Mzee aliingia ndani bila kunitazama, nikamsikia anatamka redioni, "Fog." Ditram hakunipiga. Alikaa kwenye matope. Baadaye walimpakia Kandida kwenye trekta, amefunikwa blanketi zangu mbili, na alikufa kabla hawajafika Kitai. Ukungu haukuondoka mpaka karibu na adhuhuri. Nilisimama pale kibandani, nikauona mnara unatoka kidogo kidogo, msalaba kwanza.

Kwenye msiba Mkumbi, nilipokaa mkekani wanawake walihama. Chakula nilichopika kilimwagwa. Mtoto, Skolastika, alilelewa na mama yangu, kwa hiyo na mimi. Hilo Ditram hakulizuia. Ila mlango wangu hakuukanyaga tena.

Niliendelea na kazi mpaka umri ukafika. Siku hizi kituoni kuna mashine yenye kioo cha jua, inajipima na kujitumia yenyewe, na vijana wanasoma kwenye simu kama kesho kutanyesha. Ni vizuri. Haichoki, haina ndugu. Watu huniuliza kama najuta. Namlilia mdogo wangu kila masika. Kulia si kujuta.

Mwezi uliopita Skolastika alikuja, mama wa watoto wanne sasa. Akaniamkia, akakaa, akashindwa kunywa chai.

"Mama mkubwa, baba hali tena. Anakuita."

Nikapanda bodaboda na uzee wangu huu mpaka Mkumbi. Ditram alikuwa amelala karibu na dirisha, kutoka pale anaona ngolo zake, yale mashimo ya kilimo yaliyopangwa mlimani, na majani yameziba. Mikono yake imekuwa ya mtoto. Nikamlisha uji, nikamfuta kidevu. Akanishika kiganja.

"Shemeji, msamaha wako nimekutunzia muda wote huu. Hukuja kuuchukua."

"Nimekuja, Ditram."

"Basi sema. Sema siku ile uliuona, hata kidogo. Nikusamehe, nife."

Skolastika alinibana mkono. Alininong'oneza, "Mama mkubwa, ni neno tu. Mpe." Nikamtazama. Ana macho ya Kandida. Neno lile lingemlaza baba yake usingizi mwema, na lingemwambia yeye kwamba mwanamke aliyemlea alimwacha mama yake afe kwa makusudi. Na si kweli. Nje kulikuwa kumetakata, anga halina kipande hata kimoja kilichofunikwa.

Nilimwinamia Ditram sikioni, asije akasema hakusikia.

"Mnara siuoni, shemeji, na sitasema nauona."