Nyangumi wa Papa

Harufu ya rangi iliyochanganywa na mafuta ya taa bado hunikamata popote. Juzi nilipita penye ukuta uliopakwa upya nikasimama, watu wakawa wananizunguka. Mikono ya Papa, baba yangu, ilinuka vile.

Papa alichora matangazo ya maduka ya Bunia: sabuni, baiskeli, chupa za bia zenye jasho la baridi. Aliwahi kuchora mkate kwenye ukuta wa mwoka mikate, na mbuzi wa jirani akawa anakuja kuulamba kila asubuhi. Miaka ile ya Zaire, wageni wenye maduka walipoondolewa, wenye maduka wapya walitaka majina mapya, na Papa akafanya kazi mpaka mabega yakamuuma. Kisha maduka yenyewe yakaishiwa. Nani atatangaza rafu tupu?

Mgiriki mmoja, siku ya kuondoka, alimwachia Papa kalenda kuukuu yenye picha ya wanaume ndani ya mashua, wakimchoma nyangumi kwa mikuki. Papa hakuwahi kuona bahari; alijua ziwa la Kasenyi tu. Lakini alipokosa kazi alitoa kipande kikubwa cha ubao mwembamba wa tripleksi alichokuwa amekitunza, akaanza kuichora picha ile. Hakuna aliyemwagiza. Wawindaji aliwapa nyuso za wavuvi wa kwetu Mahagi. Alisema ikikauka ataipeleka Kisangani, watu waone kwamba anajua zaidi ya sabuni.

Mdogo wangu Ukumu, aliyekuwa hajaanza shule, alishinda miguuni pake.

"Papa, juu ya nini nyangumi haikimbie chini?"

"Iko inavuta pumuzi kama siye, mutoto wangu. Lazima ipande juu. Pale ndiyo banaingojea."

Picha ilikuwa imebakiza povu la mawimbi tu surua ilipoingia mtaani kwetu. Hospitalini walisema dawa hakuna. Ukumu alihangaika na pumzi siku mbili, akafia mapajani pa Mama. Fundi wa masanduku ya kuzikia naye akasema mbao zimekwisha, watoto ni wengi.

Papa akachukua msumeno na ile picha, akaenda nyuma ya nyumba.

"Ile ni kazi yako," Mama alimwambia taratibu.

Papa aliikata, akapigilia misumari, picha akaigeuzia ndani. Nje zilionekana mbao tupu. Mimi nilifarijika: nikadhani amempa Ukumu nyangumi wake aende akimtazama. Nikawaambia shangazi zangu hivyo, wakalia zaidi.

Papa aliishi miaka mingi baadaye, akiandika herufi tu, majina ya maduka na majina ya kwenye misalaba. Hakuchora tena uso wala mnyama. Nilipokuwa na mtoto wangu mwenyewe, nilimuuliza kwa nini alimchagulia Ukumu picha ile.

Alinitazama kama mtu asiyejua swali limetoka wapi.

"Nilichagua? Hakukuwa mbao ingine."

"Na kuigeuza ndani?"

"Rangi ilikuwa haiyakauka. Ingechafua mikono ya wenye kubeba."

Miaka yote ile nilikuwa nimejifariji kwa zawadi ambayo Papa hakuitoa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na faraja hata ya namna hiyo.