Bakuli Moja na Mama

Kila mwaka, pale chuoni Nyegezi, nafundisha hadithi fupi moja ya zamani ambayo wanafunzi wanaipenda kwa sababu haina kurasa nyingi. Mtoto anasimulia maziko ya baba yake. Kila ukurasa ni sifa: mpole, mkarimu, mtu wa watu. Mama anatajwa mara moja tu, tena kwa kinyaa, kwamba mtoto hapendi mikono yake. Hapo ndipo mimi hujiona mjuzi. Nawaambia hicho ni kinaya, mdomo unasema hivi na moyo unajua vile, na ukitaka kuiona nafsi ya msimulizi chungulia hapo hapo. Mtoto anayemwogopa baba hathubutu kumchukia, kwa hiyo chuki inahama, inamrukia aliye dhaifu. Nawachorea mshale ubaoni, kutoka kwa baba kwenda kwa mama, nao wananakili. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza mshale huo nimeujulia wapi.

Baba yangu alipofariki, nyumbani Magu, baba mdogo alinifuata chini ya turubai akiwa na karatasi.

"Wewe ndiye msomi wetu," akasema. "Tuandikie wasifu wa marehemu. Na uwe wa heshima."

Sikukosa cha kuandika. Baba, chakula kisipompendeza, alikuwa akitema mate kwenye bakuli la mchuzi, analisukuma mbele ya mama, halafu anakaa akimwangalia mpaka alimalize. Samaki akipoa, mate. Chumvi ikizidi, mate. Mimi nilikuwa pale pale mkekani, natafuna ugali mkavu, naangalia koo la mama linavyomeza. Hayo ndiyo niliyoyajua. Nilichoandika ni kwamba marehemu alikuwa mpole na alipenda mno mapishi ya mke wake.

Nikausoma kwa kipaza sauti, sauti ikitetemeka vizuri kabisa, hata wazee wakatikisa vichwa. Nilipofika kwenye mapishi, mama, aliyeketi mbele na kanga kichwani, aliinua uso akaniangalia. Alikuwa akingoja kitu. Kisha akainama tena. Nilijisikia mchafu, na bado nikasoma mpaka mwisho.

Kwetu msiba una watani, watu wenye ruhusa ya kumtania hata marehemu, na mfiwa haruhusiwi kununa. Mtani wetu mmoja, mama wa makamo, aliingia uwanjani amevaa koti la baba na kofia yake. Akaketi kwenye kiti chake, akaita chakula kwa ile sauti ya baba ya puani. Akaletewa bakuli. Akaonja, akakunja uso, akatema ptuu, akalisukuma hadi miguuni kwa mama.

Wanawake wakaangua kicheko. Kumbe walijua. Shangazi, majirani, wote walijua. Na mama akacheka pamoja nao, akacheka hadi machozi, akawa anajifuta kwa pindo la kanga. Mimi nikainuka. Nikamfuata baba mdogo, nikamwambia huu ni ushenzi, awazuie.

"Huyo ni mtani," akanijibu bila kugeuka. "Ameigiza alichokuwa anafanya kaka yangu. Wewe umetusomea nini?"

Jioni, watu walipopungua, mama aliniita jikoni. Alikuwa ameandaa ugali wa muhogo na bakuli moja la mchuzi wa samaki, sato, letu sisi wawili. Nikasema kama kawaida yangu kwamba tumbo linanisumbua, anipakulie kidogo pembeni.

"Hilo tumbo lako," mama akasema. "Tangu ukiwa mdogo hujawahi kuchovya bakuli moja na mimi. Nilijua unaona. Nikasema ukikua utaelewa kwamba yale mate hayakuwa yangu."

Mama akija kwangu mjini ana kikombe chake, sahani yake na kijiko chake, na akiondoka navichemsha. Nilikuwa najiambia ni usafi. Baba je? Baba nilikuwa namalizia chai aliyobakiza, kwenye kikombe kile kile alichotoka kuweka mdomo, na sikuwahi kuhisi chochote. Kinyaa chote alichostahili yeye nilimbebesha mama, miaka na miaka, nami ndiye mwenye chaki na mshale. Najichukia kwa hilo, nasema wazi.

Nikanawa. Nikamega tonge, nikalichovya kwenye bakuli lake, nikalitia mdomoni. Mchuzi ulikuwa mtamu. Koo likagoma. Nililishikilia lile tonge mdomoni, machozi yakinilengalenga, mama akinitazama jinsi nami nilivyokuwa nikimtazama yeye zamani.

"Usijilazimishe, mwanangu," akasema.

Akanisogezea sahani nitemee. Kisha akanipakulia kipande changu pembeni, akalivuta bakuli upande wake, akaanza kula peke yake.