Mashine ya Bi Mwanahawa Haikwenda Skrepa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kwa harufu yake kabla ya jambo jingine: harufu ya plastiki iliyoungua, uani kwa Bi Mwanahawa, Kilwa Masoko, Jumatano mchana, mbele ya watu waliokuja kututazama tukishindwa.

Bi Mwanahawa alikuwa ndiyo kwanza ametoka eda. Marehemu mumewe alimwachia mashine ya kukereza vyuma, kongwe na nzito, aliyoinunua kiwanda kimoja cha korosho kilipofungwa. Mama yule alijua kuitumia kuliko wanaume wengi, maana alisimama ubavuni mwa mumewe miaka mingi. Lakini chumba cha karakana walichopanga kilichukuliwa na mwenyewe, mashine ikahamishiwa nyumbani kwake, na hapo ndipo tatizo lilipoanza. Mota yake ilitaka umeme wa njia tatu. Mtaani kwetu ulifika wa njia moja.

Mzee Abdala, kaka wa marehemu, akashauri iuzwe skrepa, chuma chakavu kwa kilo. Alisema kwa upole, tena kwa methali: la kuvunda halina ubani.

"Haijavunda, shemeji," Bi Mwanahawa akamjibu. "Imekosa chakula chake tu. Nipe mpaka Ijumaa, mkitoka msikitini."

Wakakubaliana hivyo. Isipozunguka Ijumaa, mnunuzi wa skrepa ataipakia.

Mimi nilikuwa fundi umeme kijana, mdomo wangu ukitangulia mikono. Nikamwambia mama kuna kifaa kiitwacho inveta. Usikiogope, mwanangu, si uchawi. Ni kisanduku kinachopokea umeme wa njia moja upande huu, kikaupanga upya ndani, kikautoa wa njia tatu upande wa pili kwenda kwenye mota. Tena kinaweza kuizungusha mota polepole au kwa kasi, upendavyo. Kwa muuza vitu vya mtumba kule Lindi tukapata mbili zilizotumika, kwa sababu hakutaka kuzitenganisha. Ya tatu hakuwa nayo.

Sasa sikiliza kosa langu. Mashine ile ilikuwa na wenzo, mpini wa zamani: ukiushusha inazunguka, ukiuinua inarudi nyuma, ukiuweka katikati inasimama. Umeme wote wa mota ulipita humo. Nikauacha palepale, kati ya inveta na mota. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kiingereza. Niliikunja nikaitia mfukoni, na Bi Mwanahawa aliponiuliza kama nimeielewa, nikasema nimeielewa yote.

Jumatano nikawasha. Ikazunguka! Vigelegele vikapigwa, na kichwa changu kikavimba. Mafundi wa zamani walikuwa na mchezo wao: wakitaka mashine isimame haraka, waliuvuta wenzo ghafla upande wa kurudi nyuma. Nami nikauvuta, watu wanione. Mzoea punda hapandi farasi. Kisanduku kikapiga mlio kama wa chupa kuvunjika, moshi ukatoka.

Mnunuzi wa skrepa alikuwapo. "Fundi," akasema, "umemvisha bibi kizee viatu vya mpira. Ona, kateguka."

Walicheka sana. Bi Mwanahawa aliwangoja wamalize, kisha akaninyooshea mkono.

"Karatasi."

Nikaitoa.

"Inasemaje?"

"Sijui, mama."

"Basi mashine haijashindwa. Umeshindwa wewe, na wewe hatukuuzi skrepa. Kesho asubuhi uwe hapa."

Alhamisi tulikaa mkekani na kamusi ya marehemu, tukasoma mstari kwa mstari. Karibu na adhuhuri tukalikuta neno lenyewe: usiweke kifaa cha kukata umeme kati ya inveta na mota, maana ukiukata mota ikizunguka, kisanduku kitaungua. Bi Mwanahawa akalisoma mara ya pili kwa sauti.

"Maneno haya yalikuwa mfukoni mwako jana," akasema.

Tukavuta waya moja kwa moja kutoka inveta ya pili hadi kwenye mota, tukafunga na waya wa ardhi. Nilitaka kuung'oa wenzo. Akakataa katakata. Mkono wake, alisema, umezoea pale na hauhami. Basi tukaupa kazi nyingine: badala ya kubeba umeme wa mota, ukabeba nyaya nyembamba za kupeleka ujumbe tu kwenye inveta. Nenda. Rudi. Simama. Na kwa kuwa chaki, ile taya inayoshika chuma, ilikazwa kwa nyuzi kama kifuniko cha chupa, tukaiamuru inveta isimamishe taratibu. Breki ya ghafla ingeifungua chaki na kumrushia mtu usoni.

Ijumaa Mzee Abdala na wenzake wakaja na kofia zao za swala. Gari la skrepa lilikuwa mlangoni, kamba tayari. Bi Mwanahawa alikuwa amefunga ndani ya chaki shafti, ule mhimili wa chuma, ya kinu cha kusaga cha kijiji cha Kikole, kilichosimama wiki nzima. Akageuza chaki kwa mkono duara moja, kisha akaushusha wenzo.

Ikazunguka. Maranda ya chuma yakaanguka miguuni pa wanaume, nao wakarudi nyuma hatua moja. Alikereza mpaka mwisho, wao wakiwa wamesimama. Akaurudisha wenzo katikati, mashine ikapunguza mwendo yenyewe, ikatulia. Mzee Abdala akaigusa shafti, akaondoa kidole upesi, ilikuwa ya moto.

"Kamba yako usiikunje," Bi Mwanahawa akamwambia mnunuzi. "Funga shafti hii garini, unipelekee Kikole."

Na akaipeleka.

Mwanangu, mashine ile bado inakereza. Watakuja kukwambia chako kimechakaa, kwenu ni mbali, na kazi hiyo haiwezekani hapa. Usiwaamini kabla hujafungua kifuniko ukaona kwa macho yako. Lakini ukaidi bila kusoma ni moshi tu, nimeunusa. Usiseme umeelewa wakati hujaelewa. Sema "sijui" asubuhi, kabla kifaa hakijakusemea mbele za watu. Kisha soma, uliza, rudi kesho, na usimame imara.

Mola akulindie vidole vyako vyote kumi, akupe ulimi usioona haya kuuliza na shingo isiyoinama kwa kicheko cha mtu. Na siku gari la skrepa litakaposimama mlangoni kwako, liondoke limebeba kazi ya mikono yako.